Kidole cha Gitaa Kilichorudishwa Nduguti

Fundi wa kukereza vyuma ndiye aliyenipigia simu, Jumatatu asubuhi, nikiwa bado sijamaliza chai. Hakuzunguka. "Yule mzee wetu wa gitaa amefariki alfajiri," alisema. "Mazishi kesho saa nane, huko huko nyumbani kwake Mandewa." Nikamuuliza kama alikuwa anaumwa, akasema ni kisukari kile kile, na kwamba siku za mwisho alikuwa hali chochote. Kisha akaniambia ana kazi ya mtu kwenye mashine, tutaonana msibani. Wengi wenu mnaosoma safu hii hamkumjua marehemu. Hakuwa kiongozi, kanisani hakuwa na cheo zaidi ya kupiga gitaa, na maisha yake ya kazi yote aliyamalizia kwenye pampu za idara ya maji mpaka akastaafu. Jina lake sitaliandika, kwa sababu familia yake ingependa iwe hivyo. Ninamwandika kwa ajili ya jambo moja alilolifanya, ambalo nililiona kwa macho yangu karibu lote, na ambalo mpaka leo sijaona mtu mwingine akilifanya.

Nilimfahamu dukani. Kuna duka la vipuri vya cherehani na baiskeli jirani na soko letu hapa Singida Mjini, na siku hiyo nilikwenda kununua mkanda wa cherehani ya nyumbani. Mbele yangu alisimama mzee mrefu, kofia mkononi, na mezani ameweka leso iliyofunguliwa. Ndani ya leso kulikuwa na kijichuma kilichokatika vipande viwili. Muuza duka alikigeuza, akakipuliza vumbi, akauliza, "Mzee, hiki ni cha cherehani ya aina gani?" Mzee akajibu, "Si cha cherehani. Ni cha gitaa." Muuza duka akacheka kwa heshima, akauliza ni gitaa gani lenye chuma kama hicho. "Langu," mzee akasema, akakunja leso yake. Nilimsubiri nje. Mwandishi wa safu akisikia jibu kama hilo hawezi kwenda nyumbani na mkanda wake tu.

Gitaa lenyewe nililiona jioni ile ile. Si lile la kushika kifuani. Limelazwa kama meza, lina miguu minne ya chuma, na mpigaji anakaa kwenye kiti mbele yake. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu yake, mguu unakanyaga pedali na magoti yanasukuma vyuma vingine vinavyoning'inia chini. Majirani waliliita gitaa la cherehani. Kila uzi, kwenye mwisho wake, unapita juu ya kijichuma kilichopinda ambacho yeye alikiita kidole. Ukikanyaga pedali, fimbo nyembamba inavuta kidole, kidole kinavuta uzi, na sauti inapanda taratibu huku unaisikia ikipanda, kama mtu anayeimba bila kukata pumzi. Sasa kidole cha uzi wa tatu ndicho kilichokatika, na uzi wa tatu, alinieleza, ndio unaofanya kazi kubwa kuliko yote. Alinipigia wimbo mmoja wa kanisani akiuruka uzi huo. Ulitambulika, lakini kila ulipofika mahali pa kupanda, aliinua mikono na kusubiri pamalizike.

Gitaa hilo lina pacha, na hapo ndipo hadithi ilipo. Zamani, marehemu akiwa kijana kwao upande wa Nduguti, walikuwepo wazungu wawili wa misheni waliochimba visima, marafiki, kila mmoja na gitaa lake la namna hiyo, yote ya kiwanda kimoja. Walifundisha vijana wawili wa kwaya. Walipofungasha kurudi kwao, waliwaachia vijana hao magitaa. Mmoja ndiye marehemu, aliyepata kazi ya pampu akahamia mjini. Mwenzake alibaki Nduguti, akawa mwalimu, akapiga gitaa lake kwenye harusi na ibada mpaka alipofariki. Tangu hapo gitaa la mwalimu lilikaa stoo kwa mjane wake, limefunikwa shuka.

Marehemu hakulikimbilia. Kwanza alimpelekea fundi vile vipande viwili ili amtengenezee kidole kipya. Fundi huyu kazi yake kubwa ni vipuri vya mashine za kukamua alizeti, na mkoa huu haukosi mashine hizo, kwa hiyo hana njaa ya kazi. Alikubali kwa udadisi. Lakini kipande cha katikati kilikuwa kimepotea, mkunjo ikabidi aukisie, na kidole alichokichonga kilikata uzi siku hiyo hiyo. Binti wa marehemu aliyeko Dodoma akatafuta mtandaoni. Kiwanda kilishafungwa, na muuzaji mmoja wa ughaibuni alijibu kwa adabu kwamba vidole hivyo haviuzwi kimoja kimoja. Wenye magitaa hayo hununua gitaa bovu, wakalichinja, wakaponyea jingine. Marehemu aliponisomea jibu hilo alirudia neno kuchinja mara kadhaa. Kisha akasema, "Liko moja tu la kuchinja, na lenyewe si bovu."

Tulikwenda naye Nduguti kwa basi la asubuhi. Mimi nilikuwa na safari ya kuandika habari za vitunguu, tukaona tusindikizane. Mjane wa mwalimu alikuwa uani anapepeta uwele. Nikampa shikamoo, akaipokea bila kuacha ungo. Marehemu alimwita shemeji, naye akamwita shemeji, wakahamia Kinyiramba, na mimi Mnyaturu nikabaki nafuata nusu. Walizungumza habari za watu waliokufa na waliozaliwa. Walipofika kwenye shida yenyewe wakarudi kwenye Kiswahili, nadhani ili na mimi niwe shahidi.

"Kwa hiyo unataka kulichukua," mama alisema.

"Sitaki kulichukua. Nataka kuazima kidole kimoja, fundi akione kikiwa kizima. Akishachonga cha kwangu, hiki nakirudisha."

"Wewe unajua hapa hakuna anayelipiga. Ukikaa nacho nani atajua?"

"Wewe umeshajua, shemeji."

Mama aliweka ungo chini. Akasema mumewe alikuwa akilipiga jioni yeye akipika, kwamba hakulipenda sana wakati ule kwa sababu alikuwa akimwita aje ale na hasikii. Sasa halipigwi, lakini limo ndani limetimia, na yeye akiingia stoo anajua limetimia. Akauliza tena, "Utakirudisha?" Akajibiwa, "Nitakirudisha." Basi akatufungulia stoo. Kukitoa kidole kulichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Ilibidi kulifungua gitaa lote upande wa chini, kulegeza fimbo, kuvua miguu na pedali. Marehemu alipanga kila kitu kwenye gunia safi pembeni, akalifunika gitaa shuka lake, akamwambia mama asiruhusu mtu kuligusa. Kijana wake mkubwa, mtu mzima mwenye familia yake aliyejenga jirani na mama yake, alikuwa na ng'ombe kisimani siku hiyo. Hatukuonana naye.

Fundi hakukipatia mara moja. Cha kwanza alikichonga kwa aluminiamu ya pistoni kuukuu, kikawa laini mno na uzi ukakifanyia mfereji. Cha pili alikitengeneza kwa shafti ya mashine ya alizeti, kikawa kigumu na kizuri, ila tundu lilikosea kwa upana wa unywele na kikawa kinasuasua. Ukaja msimu wa kukamua, wenye mashine wakamjaa, kidole cha gitaa kikawekwa juu ya kabati. Marehemu alikuwa akipita pale mara kwa mara, anakaa kidogo kwenye benchi, anaondoka. Kilipokuja kukubali ilikuwa karibu na mavuno ya mwaka uliofuata. Tulikwenda wote watatu nyumbani kwake kukijaribu. Uzi wa tatu ulipanda, ukashuka, ukapanda. Sauti yake ilikuwa kavu kidogo kuliko za wenzake, hata mimi nililisikia hilo.

Fundi, ambaye ni mtu wa vitendo, alitoa shauri la haki kabisa kwa jinsi alivyoona. "Mzee, weka cha zamani kwako, ndicho chenye sauti. Hiki changu peleka Nduguti. Gitaa la kule limelala, halitajua." Marehemu alikuwa anafuta nyuzi kwa kitambaa. Akasema, "Niliazima hiki." Akakifunga cha zamani kwenye leso. Kesho yake akapiga simu Nduguti kumwambia shemeji yake kwamba anakuja Jumamosi.

Simu ilipokelewa na yule kijana mkubwa. Mama alikuwa Kiomboi kwa binti yake aliyejifungua, na alikuwa huko kwa muda mrefu. Marehemu akamweleza kijana habari ya kidole. Kijana akasema gitaa halipo. Walipita wanunuzi wa chuma chakavu, naye alikuwa anasafisha stoo, akawapa majembe ya ng'ombe yaliyokwisha, baiskeli iliyovunjika, na lile gunia la vyuma pamoja na gitaa. "Nilikuta limefunguliwa, baba," alisema. "Nikajua mmeshatoa mlichokitaka, yaliyobaki ni mabaki." Marehemu alimwuliza tu ni lini na gari lilikuwa la rangi gani. Alipokata simu alikuja ofisini kwangu kwa miguu, akakaa. Nilianza kumlaumu yule kijana. Nilikuwa na maneno mengi, juu ya vijana wanaouza kila kitu, juu ya kutouliza wakubwa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyelifungua. Lingekuwa limefungwa asingeliuza."

Hakulisema kama mtu anayejitesa. Alilisema kama fundi pampu anavyokwambia maji hayaji kwa sababu vali imefungwa. Tukaenda kuzunguka kwenye yadi za chuma chakavu za hapa mjini. Kwenye mojawapo, nyuma ya milundo ya mabati, tulilikuta gitaa la mwalimu, au kilichobaki. Ubao wake mrefu ulikuwepo pamoja na vidole vyake kwenye ekseli inayovishika, maana ulikuwa mbao kwa sehemu kubwa na hakuna aliyejali kuufungua. Miguu, pedali, fimbo na vyuma vya magoti vilikuwa vimeshapakiwa kwenye lori la Dar es Salaam. Mwenye yadi alitushangaa, akatuachia ule ubao kwa bei ya kuni. Marehemu aliubeba begani mpaka Mandewa, akakataa bodaboda, akisema utagongwa.

Sasa fikirini. Mtu aliyetafuta kijichuma kimoja kwa zaidi ya mwaka, amekipata, gitaa lake limepona, kwaya inamngoja. Badala ya kukaa na kupiga, akaligeuza gitaa lake juu chini, akalifungua lote ili awe na vipimo vya kulitengenezea la mwenzake. Miguu aliitengeneza kwa mabomba ya maji. Pedali walizikata yeye na fundi, kwenye karakana ya fundi, kutoka kwenye pedali za breki za pikipiki, vyuma vya magoti vikatokana na bawaba za milango. Fimbo ndizo zilizomsumbua, maana zinatakiwa ziwe nyembamba, zinyooke, zisipinde. Alijaribu njiti za mwavuli, akajaribu spoku za baiskeli zilizounganishwa, mwishowe fundi akampatia vyuma vya kuchomelea vilivyobanduliwa unga wake. Mke wake, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimwuliza mbele yangu, "Mbona la watu ndilo linashughulikiwa na lako limelala?" Akajibu, "Langu litasubiri. Langu halidai." Kwaya iliacha kumngoja. Walikuwa na kinanda cha umeme, na kinanda kina kitufe cha sauti ya kila kitu, hata ya gitaa la cherehani ukitaka.

Nimeandika mara nyingi hapa kuhusu tabia yetu ya siku hizi ya kununua kitu kizima kwa sababu kipande kimoja kimevunjika. Sitalirudia leo kwa kirefu. Lakini niliyokaa nikiyatazama kwenye karakana ile yalinifundisha kwamba tatizo halipo kwenye vitu tu. Hata makosa siku hizi tunayachukua mazima mazima na kumpa mtu mmoja. Maji yakikatika mtaani, tunamtafuta wa kumtupia lawama. Dawa zikikosekana, mikutano mitatu inakaa kutafuta jina. Na kila anayeitwa anakuja na maelezo ya kwa nini si yeye, maelezo ambayo mara nyingi ni ya kweli. Kijana wa Nduguti alikosea. Mama hakumwachia mwanawe maagizo. Fundi alichelewa. Mimi nilikuwepo stoo ile na sikuona hatari yoyote. Ungeweza kuligawa kosa lile likawatosha watu wote, na marehemu akabaki na sehemu ndogo tu. Yeye aliichukua sehemu yake ndogo, hakuipunguza wala hakuikuza, akaenda kuifanyia kazi. Za wengine hakuzigusa.

Tulilipeleka Nduguti kwa gari la mtu aliyekuwa anafuata vitunguu. Mama alikuwa amerudi na alishaambiwa yote. Kijana wake alikuja kusaidia kushusha. Nilimtazama, alikuwa haangalii mtu usoni. Marehemu hakumwambia lolote la zamani. Alimwambia tu, "Shika upande huo, mzito ni huo," wakaliingiza pamoja sebuleni, wakalisimamisha. Kidole cha zamani alikiweka mwisho, akitoa kwenye leso mbele ya macho ya mama. Akafunga uzi wa tatu, akalinganisha sauti, jambo lililochukua muda mpaka chai ikapoa. Kisha akapiga wimbo ambao mwalimu alizoea kuupiga. Mama alisikiliza ameegemea mlango wa jikoni, mikono ina unga.

Ulipokwisha akasema, "Hiyo siyo sauti yake."

"Vyuma ni vipya, shemeji," marehemu alisema. "Mguu ni bomba la maji, pedali ni ya pikipiki."

"Nasikia." Akafikiri kidogo. "Ila mahali pale pa kupanda ndiyo yenyewe."

"Pale ni kidole chake. Kile kile."

"Basi kimerudi," mama alisema, akaenda kututengea chakula.

Nilidhani hapo ndipo marehemu angepata furaha kubwa, lakini aliporudi garini alikuwa amechoka tu, akalala njia nzima. Baadaye alilifunga gitaa lake, akarudi kanisani, akakuta vijana wa kwaya wamezoea kinanda. Hawakumkataa. Walimpa nafasi kwenye nyimbo za zamani, na wengine wakaanza kumwomba na kwenye mpya. Alipiga kwa zaidi ya mwaka na uzi wake wa tatu mkavu, na hakuna aliyelalamika, mpaka kisukari kilipomlegeza miguu asiweze tena kukanyaga. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa amelala sebuleni, gitaa limesimama kando. Hatukuzungumza habari za gitaa. Aliniuliza maji kwetu yanatoka siku ngapi kwa wiki, na nilipomjibu akaniambia ni pampu gani iliyo na shida.

Msibani walikuwepo watu wa idara ya maji, wanakwaya, majirani Wakristo na Waislamu, na fundi wetu aliyevaa koti ambalo sijawahi kumwona nalo. Tukiwa tunasubiri jeneza litoke, mtu mmoja alikuja kukaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yangu, akanipa mkono. Alikuwa yule kijana wa Nduguti. Alitoka kwao alfajiri kwa basi, peke yake, mama yake miguu haimruhusu tena safari. Tuliongea habari za mvua. Kisha akasema, akiangalia mbele, "Siku ile mlipoleta gitaa nilikuwa nimejiandaa. Nilipanga kabisa nitakavyojibu akinisema. Nilikuwa na majibu yangu, na yalikuwa ya kweli." Nikamwuliza alifanya nini nayo. Akasema, "Hakunisema. Nimekaa nayo mpaka leo, hayana pa kwenda. Ndiyo nikaona nije nimzike."

Hilo ndilo ninalowaachia juu ya mzee huyu. Anayelaumiwa hupata nafasi ya kujitetea, na akishajitetea anaona amemaliza, anaondoka. Anayemwona mwenzake akinyanyua sehemu yake ya kosa kimya kimya na kuitengeneza hana cha kujibu. Inambidi naye atafute yake. Kijana yule alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Hakuna aliyemwita. Alisimama tu, akaenda upande uliokuwa na upungufu, akashika.